Tufute profili

Leo sikosoi kitabu wala hotuba ya mtu. Nakosoa sentensi ya maneno mawili ambayo kila mmoja wetu aliyewahi kufanya kazi katika mradi, benki, hospitali au biro ya serikali ameisikia: "Tufute profili." Mara nyingi inatoka kwa simu, kwa Kifaransa, kutoka Kinshasa. Ikifika Kabambare imekwisha kuwa Kiswahili, na watu wanaipokea sawa vile mgonjwa anavyopokea kidonge bila kuuliza jina lake. Programu imekataa kufunguka? Tufute profili. Imefunguka lakini imeleta Kiingereza? Tufute profili. Printa imepotea? Ile ile. Mimi ni mtu wa kilimo, informatiki sikuisomea, lakini shambani anayeleta dawa mbele ya kugeuza jani hatumwiti fundi, na sioni kwa nini kwenye ordinateri tumwite fundi.

Najua wengine mtasema hayo ni mambo ya mashini, sisi yanatuhusu nini. Yanatuhusu. Ninazijua familia 240 zilizongoja mbegu za mahindi juu ya faili moja ya KB 3. Nitaeleza, lakini kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe, maana wengi wanakitumia kila siku bila kujua kiko fasi gani.

Katika biro nyingi zenye makao makuu mbali, programu ya hesabu au ya stoku haiko ndani ya ordinateri iliyo mezani. Iko kwenye seva moja, Kinshasa au Bukavu au hata Ulaya. Ordinateri ya mezani ni dirisha tu. Unabonyeza, mbonyezo wako unapanda kwa satelaiti, seva inafanya kazi, picha ya matokeo inarudi kwenye skrini yako. Watu wengi wako ndani ya seva hiyo kwa saa moja, kila mmoja na sesio yake, na hakuna anayemwona mwenzake. Kwa nchi kama yetu ni mpango mzuri. Laini nyembamba inatosha, ordinateri ikiibiwa data haiendi nayo, na umeme ukikatika Kabambare kazi yako inabaki imefunguka kule kule ikikungoja. Hili la mwisho mlishike, nitalihitaji.

Ili watu hao wasichanganyikane, seva inampa kila mmoja nyumba yake. Nyumba hiyo ndiyo profili. Mle ndani kuko Desktop yake, kuko Documents zake, na kuko chumba kilichofichwa kinachoitwa AppData. Katika chumba hicho programu zinaandika kile zilichojifunza juu yako: printa unayotumia, depo uliyofungua mara ya mwisho, safu za jedwali unazopenda kuona. Programu zilizojengwa juu ya .NET ya Microsoft mara nyingi zinaandika hayo katika faili inayoitwa user.config. Za zamani zina faili zenye mkia wa .ini. Mambo mengine, kama vile namna ya kuandika tarehe na namba, Windows yenyewe inayaweka kwenye rejista ya mtumiaji, nayo iko ndani ya profili hiyo hiyo. Faili za user.config na .ini ni maandishi matupu, ndogo sana, unazifungua kwa Notepad na kuzisoma. Narudia: kuzisoma. Hapo ndipo sentensi yetu ya maneno mawili inaporuka.

Na tusifikiri kwamba ugumu huu umeanza jana. Mwaka 1998, Microsoft ilipotoa Windows NT 4.0 Terminal Server Edition kwa teknolojia iliyotoka kwa kampuni ya Citrix, programu nyingi za biashara zilikuwa zimeandikwa kwa wazo kwamba mashini moja ni mtu mmoja. Zilikuwa zinaweka mipangilio yake katika folda ya Windows yenyewe, faili moja kwa wote. Weka watu 30 juu ya mashini ya namna hiyo: wa kwanza anachagua printa ya Kindu, wa pili anachagua ya Uvira, na wa kwanza anashangaa karatasi yake imetokea kwa wengine. Basi Windows ikafanya ujanja. Programu ikitaka kuandika .ini yake katika folda ya pamoja, inaelekezwa bila kujua kwenye nakala ya mtumiaji yule peke yake. Ujanja huo unatembea vizuri kama aliyeweka programu aliiambia seva mbele, kwa amri ya change user /install, na alipomaliza akaandika change user /execute. Akisahau, faili za kuanzia zinabaki kwake peke yake. Programu inafunguka kwake, inakataa kwa wengine wote, naye anasema, "Kwangu inatembea." Mnamjua mtu huyu.

Sasa kisa. Mradi sitautaja, wala programu. Ni Kabambare, mwanzo wa msimu A, biro inayoishi kwa pano za jua na jenereta. Mtunza depo, ambaye wote tulimwita Mama wa depo, alikuwa na orodha ya familia 240. Kila familia nusu hekta ya mahindi, mbegu kilo 12,5, yaani zile kilo 25 kwa hekta tulizofundishwa darasani. Jumla tani 3. Jumatatu asubuhi akaingia kwenye seva, akagonga programu ya stoku, na badala ya programu kikaja kisanduku chenye alama nyekundu kikisema kwamba mfumo wa konfigurasio umeshindwa kuanza. Akafunga, akafungua, ile ile. Akapiga simu. Kule wakamwuliza swali moja: umeme ulikatika kwenu? Akajibu ndiyo, jenereta tunaizima kila usiku. Basi, sababu imepatikana. Tufute profili.

Ilichukua dakika kumi. Programu ikafunguka. Desktop nayo ikawa nyeupe. Orodha ya familia 240 alikuwa ameiweka pale, ndani ya sesio, kwa sababu siku ya mafunzo aliambiwa kwamba kila kitu kilicho kwenye seva kina nakala. Database ndiyo iliyokuwa na nakala. Profili za watumiaji hazikuwa nayo, na hakuna aliyemwambia tofauti. Siku tatu baadaye ikafika barua ya kwanza, ile demande d'explication tunayoiogopa wote: kwa nini orodha ya walengwa imepotea mikononi mwako?

Nianze na ujumbe wenyewe, maana ukosoaji unaanza na maandishi. "Mfumo wa konfigurasio umeshindwa kuanza." Mfumo gani? Faili gani? Ya nani? Iko wapi? Sentensi haina mtu, haina fasi, haina kitu cha kushika. Ingesema "faili hii, katika folda hii, ya mtumiaji huyu, haisomeki", hata mwanafunzi wa sekondari angeona kwamba shida ni ya faili moja na kwamba nyumba nzima haijaungua. Na kumbe programu inajua! Ukifungua maelezo marefu chini ya kisanduku, mara nyingi njia nzima ya faili iko mle, mpaka nambari ya mstari. Kinachohitajika kimefichwa chini, kisichosaidia kimewekwa juu kwa herufi kubwa. Katika maelezo hayo marefu mtakuta mara nyingi alama hii: 0x00. Ni herufi tupu, sifuri. Inapatikana pale faili ilipokatwa katikati ya kuandikwa. Nafasi yake kwenye diski ilikwisha kutengwa, maandishi hayakufika. Ukiifungua kwa Notepad unaona ukurasa mweupe, ingawa Windows inakuambia faili ina KB 3. Kwa hiyo usiamini ukubwa wake. Fungua uone.

Waliotengeneza programu nao wana la kujibu. Faili hii inabeba upana wa safu na jina la printa. Pesa haimo, stoku haimo. Ikiharibika, programu yenye adabu ingeiweka kando, ingefunguka na mipangilio ya kiwandani, na kumwambia mtu, samahani, nimesahau ulichokuwa unapenda. Badala yake inakataa kazi yote. Ni sawa vile mlinzi wa depo anayekataa kufungua mlango kwa kuwa amesahau kama unakunywa chai na sukari. Na namna ya kuandika faili bila kuihatarisha inajulikana tangu zamani: unaandika mpya pembeni, ikikamilika ndipo unaipa jina la ile ya zamani. Umeme ukikatika katikati, ya zamani bado iko. Ni mistari michache ya kodi. Waliokosa kuiandika hawajawahi kukaa kwenye depo Jumatatu asubuhi na watu wanangoja mlangoni.

Nije kwa umeme wa Kabambare, maana hapa ndipo nilipokasirika kabisa. Faili iko wapi? Kwenye seva. Seva iko wapi? Kinshasa. Jenereta ya Kabambare ikizimwa, kinachozimika ni dirisha. Sesio inabaki kule imekosa tu mtu wa kuiangalia, programu inaendelea kupumua. Umeme wetu hauna mkono wa kufika kwenye diski ya Kinshasa. Kila fundi wa seva anajua hivyo, angeulizwa kwenye mtihani angepata alama zote. Lakini simu ilitoka Kabambare, na mtu akisikia Kabambare anasikia porini, pano za jua, vumbi, mama asiyejua kuzima mashini, na swali la pili haliulizwi tena.

Ukweli ulionekana Kasongo. Agronomi mwenzetu wa kule alipata kisanduku kile kile katika juma lile lile, ila alikuwa vijijini mpaka Alhamisi na hakuwa amepigia mtu simu. Tukaangalia pamoja kabla ya kugusa kitu. Tuliandika %LOCALAPPDATA% juu kwenye dirisha la mafolda, tukaingia katika folda yenye jina la waliotengeneza programu, tukashuka mpaka kwenye user.config. KB 3, nyeupe tupu. Saa ya mwisho kuandikwa: Jumamosi, 23:40. Ni saa ya Kinshasa. Maniema tuko mbele kwa saa moja, kwa hiyo kwetu Jumapili ilikwisha kuanza. Nani alikuwa kazini saa hiyo, Kasongo au Kabambare? Hakuna. Sesio ndizo zilizokuwa kazini. Watu walikuwa wamefunga dirisha siku ya Ijumaa kwa ule msalaba wa pembeni, bila kufunga sesio yenyewe, na msalaba ule haufungi kitu, unakata tu mawasiliano. Programu ikabaki wazi juu ya seva, ikiandika faili yake kila baada ya muda kama kawaida. Tulipouliza kwa upole kama kuna kilichotokea usiku ule, tukajibiwa kwamba ndiyo, kulikuwa na kazi ya umeme kwenye jengo na seva ilizimika ghafla. Kwenye jengo lao. Faili ya Mama wa depo haikuweza kuonyesha saa yake, maana ilikwisha kufutwa pamoja na ushahidi wake.

(Kwa wale wanaotumia satelaiti, ongezeni jambo moja. Mvua kubwa ikikata laini, na seva haikupangwa kumrudisha mtu kwenye sesio yake ile ile, unaporudi unaweza kufunguliwa sesio ya pili huku ya kwanza bado iko hai. Programu ile ile mara mbili, faili moja, waandishi wawili. Mmoja anaandika juu ya mwingine, na mipangilio uliyobadilisha asubuhi inatoweka jioni. Watu wanasema seva ina pepo.)

Profili ikifutwa, mtu halali nje. Seva inamjengea nyumba mpya kwa kuiga mfano, folda inayoitwa Default. Mfano huo unafanana na aliyeweka seva, na seva hii iliwekwa kwa Kiingereza cha Marekani. Profili za zamani zilikuwa zimerekebishwa mkono kwa mkono, miaka ya nyuma, na mtu aliyekwisha kuondoka. Kwa hiyo Mama wa depo, na jina lake lile lile, na neno lake la siri lile lile, akaamka Mmarekani. Katika tarehe mwezi ukatangulia siku. Katika namba, nukta ikachukua kazi ya koma.

Hapa nasimama kidogo, kwa sababu jambo hili ni letu kuliko la Wazungu. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa, kilo kumi na mbili na nusu tunaandika 12,5. Ndugu yetu wa Kigoma, ng'ambo ya ziwa, anaandika 12.5, na koma kwake ni ya kutenga elfu: 12,500. Kiswahili kimoja, biashara moja ya dagaa na mafuta ya mawese, lakini shule za Mbelgiji na shule za Mwingereza zilituachia alama zinazopishana. Watu wawili wakikaa juu ya karatasi moja wataelewana, maana wanajua gunia la kilo 12 na nusu ni gani. Mashini haijui gunia. Inafuata mipangilio ya sesio. Na programu nyingi za .NET, zikiwa katika sesio ya Kiingereza cha Marekani, zikikuta 12,5 hazilalamiki. Zinaichukua koma kama kitenga elfu, hazijali kwamba nyuma yake hakuna tarakimu tatu, zinaitupa. Inabaki 125.

Mama wa depo aliandika orodha upya kutoka karatasi za vijiji. Siku nne. Aliiandika kwa Excel ya ordinateri yake ya mezani, ambayo iko kwa Kifaransa, akaihifadhi kama CSV, akaiingiza kwenye programu iliyo juu ya seva. Programu ikajibu kwamba mistari 240 imeingia, na alama ya kijani. Ombi likapanda Kinshasa likiwa la tani 30. Aliyekuwa na kazi ya kuidhinisha akaona tani 30 za mbegu kwa hekta 120, akasimamisha dosie, na kwa hilo simlaumu hata kidogo, ndiyo kazi yake. Lakini barua ya pili haikuongea juu ya uzembe tena. Iliongea juu ya kuzidisha stoku kwa makusudi. Mtu amefanya kazi ya depo miaka mingi, funguo zinalala kwake, sasa mji mzima unanong'ona kwamba Mama alitaka kuuza mbegu.

Wakati barua zinapanda na kushuka, mvua ikaanza. Vijijini hakuna anayengojea seva. Wengi walipanda punje za soko, wengine walikopa. Mbegu zilipofika, tani 3 kama ilivyokuwa tangu mwanzo, sehemu kubwa ikawekwa kwa ajili ya msimu B, na mnajua ghala la kijiji lenye unyevu linaifanyia nini mbegu ya mahindi.

Kule juu mambo haya yalikuwa dosie mbili. Ya kwanza, "programu haifunguki": imetatuliwa, imefungwa. Ya pili, "namba zisizo za kawaida": kosa la mtumiaji. Hakuna aliyeziweka juu ya meza moja. Mimi nasema ni dosie moja, na ugonjwa wa pili ulitoka ndani ya dawa ya kwanza.

Mnakumbuka somo la lishe ya mimea. Mahindi yakigeuka manjano, swali la kwanza halihusu mbolea gani tununue. Swali ni: majani ya chini au ya juu? Naitrojeni inatembea ndani ya mmea. Ikipungua, mmea unaitoa kwenye majani ya zamani unaipeleka kwa machanga, kwa hiyo manjano yanaanza chini, yakichora V kutoka kwenye ncha ya jani. Chuma hakitembei; kikipungua, manjano yanaanza juu. Swali moja, bila maabara, limekwisha kuondoa nusu ya uwezekano. Kwenye seva swali la namna hiyo liko: ni mtu mmoja au wote? Mwenzako akiingia kwa jina lake kwenye ordinateri ya depo, programu inafunguka? Mama wa depo akiingia kwa jina lake kwenye ordinateri ya jirani, inakataa tena? Shida ikimfuata mtu, itafute kwenye profili yake. Ikibaki na mashini, itafute kwenye mashini au laini. Ikiwa kwa wote, iko kwenye seva yenyewe, pengine diski imejaa na faili haziwezi kuandikwa, na hapo kufuta profili za watu 60 moja moja ni kung'oa shamba zima wakati mfereji ndio umeziba.

Sikatai kwamba kuko siku profili yenyewe imekufa. Windows ikishindwa kuifungua inakuweka katika nyumba ya muda, C:\Users\TEMP, na chochote utakachoweka pale kitapotea ukitoka. Kujua ni rahisi: andika echo %USERPROFILE% katika dirisha jeusi la amri, uone jina linalotoka. Ni lako? Ni TEMP? Siku hiyo fundi ana haki ya kujenga upya. Wala sisemi mafundi wa kule ni watu wabaya. Mtu mmoja ana biro kumi na zaidi, simu hazikomi, laini inakatika akiwa katikati, na kufuta profili ni kitu kimoja anachojua kitamaliza simu hii ili ajibu ile nyingine. Anapimwa kwa idadi ya simu zilizofungwa. Ningekuwa mahali pake labda ningesema maneno yale yale mawili. Lakini anayeyalipia si yeye.

Ile faili ya Kasongo tuliitengeneza hivi. Mwenzetu alifunga sesio kabisa, akaingia tena, bila kufungua programu. Hilo ni la lazima, maana programu nyingi zinaandika faili yake wakati wa kufunga, utarekebisha na yenyewe itarudisha uharibifu wake juu ya kazi yako. Kiisha tukabadilisha jina la faili: user.config ikawa user.config.mbaya. Hatukuifuta. Jina likibadilika programu haiioni, inajitengenezea mpya, na wewe unabaki na ushahidi wenye saa yake. Programu ikafunguka mara moja. Desktop yake, orodha zake, koma yake, vyote vikabaki fasi yake. Printa tu ndiyo aliyoichagua upya. Kama ingekuwa faili yenye mambo mengi ndani, tungeiweka karibu na ya mwenzake inayotembea na kuzilinganisha. Windows ina amri ya zamani, fc, inayoonyesha mistari inayotofautiana. Dakika tano. Nusu ya muda wa kufuta profili.

Na ile koma? Kwa mtumiaji, unaandika intl.cpl ndani ya sesio, sio kwenye ordinateri yako ya mezani, na unaangalia mfano wa namba ulioko pale. Kwa seva nzima, dirisha hilo hilo, upande wa utawala, lina kisanduku cha kunakili mipangilio kwa akaunti zote zitakazozaliwa baadaye. Kisanduku kimoja. Kilikuwa wazi tangu siku seva ilipowekwa. Kilitiwa alama mwezi wa kumi na moja, baada ya barua yetu ya kurasa tatu yenye picha za skrini, na kwa mara ya kwanza mtu mpya aliyeajiriwa Kasongo aliingia kwenye seva akakuta anaweza kuandika 12,5.

Barua ya kwanza ya Mama wa depo imefutwa rasmi. Ya pili ingali katika dosie yake. Jibu lake liko hapo pia, kurasa mbili kwa mkono, lina muhuri wa kupokelewa, na mpaka leo hakuna aliyelijibu.